Pete ndani ya chupa moja: Biginelli kwa maji na joto la Mombasa

Biriani ina vyombo vyake. Huku wali umechemshwa ukachujwa, huku masala yanaiva peke yake, vitunguu vimekaangwa pembeni vikawekwa kwenye karatasi vichuje mafuta. Ukimaliza, karo imejaa sufuria mpaka hujui uanze na ipi. Pilau ni sufuria moja. Kitunguu kinapigwa moto mpaka kiwe rangi ya kahawa, nyama inafuata, bizari, viazi, maji, mchele, unafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Hakuna kilichotolewa nje kikaoshwa kikarudishwa.

Mimi ni fundi wa maabara, na wanafunzi wa mwaka wa pili wakija kwangu kujifunza kutengeneza molekuli za pete, yaani zile ambazo atomi zake zimeshikana zikazunguka, mazungumzo yanaanzia hapo kwenye pilau. Wengi wanafikiri "chungu kimoja" maana yake ni kumwaga kila kitu na kwenda kunywa chai. La. Ni kazi ya kujua nani atakutana na nani kwanza, nani atatoka, na nani atafunga mlango. Ukijua hayo, chupa inafanya kazi yenyewe. Usipojua, utapata kitu chenye sura ya halua isiyoiva, na halua hiyo hailiki.

Nitakuonyesha kwa mmenyuko mmoja tu, ule alioutangaza Mwitaliano Pietro Biginelli mwaka 1891. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, hauogopi maji. Mimenyuko mingi mizuri ya vitabuni inataka hewa kavu kama jangwa, na sisi hapa hewa yenyewe unaweza kuikamua. Pili, viungo vyake si vya kutafutwa ng'ambo: benzaldehaidi, ethili asetoasetati na yurea, pamoja na ethanoli ya kuyeyushia na matone ya asidi ya haidrokloriki. Maabara yoyote ya chuo inavyo. Jikoni kwako usijaribu, hata kama sufuria unayo. Ethanoli inachemka kwenye nyuzi 78 na mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo, na asidi kali haina undugu na macho ya mtu.

Hesabu pete kabla ya kupima chochote

Chukua penseli. Chora pete ya pembe sita. Kila pembe ni atomi moja. Sasa jiulize kila pembe inatoka kwa nani.

Yurea ni kaboni moja iliyokaa katikati ya nitrojeni mbili. Hizo ni pembe tatu mfululizo: nitrojeni, kaboni, nitrojeni. Benzaldehaidi inatoa kaboni moja tu, ile iliyoshika oksijeni. Ile pete yake nyingine ya benzini inabaki ikining'inia nje kama hereni. Asetoasetati inatoa kaboni mbili: moja ni ile iliyobanwa katikati ya kaboni mbili jirani zenye oksijeni, na ya pili ni mmoja wa majirani hao, ile ya upande wa ketoni, yenye oksijeni moja tu. Tatu, moja, mbili. Sita. Pete imefunga.

Kijana mmoja aliwahi kunichorea pete ya pembe saba, na alikuwa ameitetea kwa maneno mazuri kabisa. Nikamwambia arudi kuhesabu. Kumbe alikuwa ameingiza pia kaboni ya upande wa esta, ule wenye oksijeni mbili, ambayo haimo. Kosa la penseli halina hasara. Kosa hilo hilo likifanyika baada ya kumimina, umepoteza asubuhi yako na benzaldehaidi yangu.

Kwa nini sita? Kwa sababu pete za pembe tano na sita zinakaa kwa raha. Pembe tatu au nne, vifungo vinapindishwa kwa nguvu kama upinde, na pete inatafuta nafasi ya kukatika. Ukienda kwenye pete kubwa, za pembe kumi na zaidi, tatizo ni jingine: mkia na kichwa cha molekuli viko mbali mno, kila kimoja kinakutana na jirani kabla ya kukutana na mwenzake, na badala ya pete unapata mnyororo. Ndiyo maana wanaotengeneza pete kubwa hutia dawa kidogo kidogo katika kiyeyusho kingi, ili jirani wawe mbali. Sisi na pembe sita zetu hatuhitaji hilo. Ethanoli yetu itakuwa kidogo na mchanganyiko mzito, kwa kuwa hapa lazima wageni watatu wakutane kwanza, na ukiwatawanya kwenye maji mengi watatafutana mpaka Magharibi.

Nani anaanza

Kwa miaka mingi wanakemia walibishana juu ya hatua za mmenyuko huu. Mwaka 1997 Oliver Kappe, wa Austria, alionyesha njia ambayo ndiyo ninayoifundisha. Yurea inaanza kwa kuishika benzaldehaidi. Asidi inasaidia, maji yanatoka, na kinachobaki ni kitu chenye chaji ya umeme na njaa kubwa. Njaa hiyo inaiona asetoasetati na kuidaka. Sasa tuna mkufu mrefu unaowashikanisha wageni wote watatu lakini ncha zake bado ziko wazi. Nitrojeni ya pili ya yurea, ambayo muda wote huu ilikuwa imekaa kimya mkiani, inageuka na kuishika kaboni ya ketoni ya molekuli ile ile. Maji yanatoka mara ya pili. Pete.

Angalia hayo maji mawili, yana faida kwenye hesabu. Jumla ya uzito wa molekuli za viungo vitatu ni 106.1 na 130.1 na 60.1, yaani 296.3. Toa maji mawili, 36. Unabaki na 260.3, na huo ndio uzito wa molekuli ya zao letu. Karibu asilimia 88 ya ulichotia inaishia ndani ya pete, na taka pekee ya mmenyuko wenyewe ni maji. Mimi hupenda sana hesabu hiyo kuliko hata fuwele zenyewe, lakini najua mimi ni mtu wa ajabu kidogo.

Vipimo

Kwa chupa ya duara ya mililita 50:

Benzaldehaidi gramu 2.12, kama mililita 2. Ethili asetoasetati gramu 2.60, kama mililita 2.5. Yurea gramu 1.80. Ethanoli mililita 10. Asidi ya haidrokloriki kali, matone sita.

Mbili za kwanza ni milimoli 20 kila moja, yaani idadi sawa ya molekuli. Yurea ni milimoli 30, yaani mara moja na nusu ya hizo. Kwa nini yurea ndiyo izidi? Kwa sababu ni rahisi bei, na mwisho wa kazi maji ya baridi yanaimeza yote na kuondoka nayo. Benzaldehaidi ikizidi inabaki kama mafuta juu ya fuwele zako, na chumba kizima kinanuka lozi mpaka kesho.

Sasa mambo ya kwetu. Yurea hapa Mombasa, hasa miezi ya masika, inanyonya unyevu hewani mpaka inashikana kama sukari guru. Ukipima donge la namna hiyo, nusu ya unachopima ni bahari. Iponde, itandaze kwenye sahani ya kioo, iweke kwenye oveni nyuzi 60 usiku kucha, kisha iingie kwenye chombo kikavu chenye silika ya kunyonya unyevu. Usiipandishe joto sana, inayeyuka kwenye nyuzi 133 na ikianza kuharibika inatoa harufu ya amonia. Na tafadhali usiniletee yurea ya mbolea kutoka duka la kilimo eti ni kitu kimoja. Punje zile za mbolea mara nyingine hupakwa dawa ya kuzizuia zisishikane, na hatujui ni dawa gani.

Benzaldehaidi ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Hewa inaigeuza kuwa asidi ya benzoiki polepole, na joto letu linaharakisha. Angalia shingo ya chupa: ukiona unga mweupe umeganda kwenye nyuzi za kifuniko, ujue ndani mambo yamekwisha kuharibika. Mwaka wangu wa pili kazini nilitumia chupa ya namna hiyo, kwa uvivu, maana ilikuwa imebaki nusu na nikaona haya kuomba nyingine. Darasa zima, vikundi vinane, walipata zao dogo na bovu. Niliwaacha wafikiri ni makosa yao. Wiki iliyofuata niliwaambia ukweli, na nikatayarisha benzaldehaidi safi: niliitikisa na maji ya sodiamu kabonati, nikatenga tabaka la mafuta, nikalikausha kwa magnesiamu salfeti, kisha nikaipika ipande mvuke na kuidaka upya kwa shinikizo la chini. Siku hizi ikifika tu naigawa kwenye vichupa vidogo, najaza nitrojeni juu, naweka friji.

Kumimina na kuchemsha

Weka chupa juu ya jiko la sumaku, ndani ya kabati la kuvuta hewa, na kijiti cha sumaku ndani yake. Tia yurea, kisha ethanoli, washa sumaku izunguke. Tia benzaldehaidi, halafu asetoasetati. Yurea haitayeyuka yote sasa hivi, usihangaike nayo. Asidi iwe ya mwisho kabisa, kwa kidondoshi, tone moja moja.

Hapo kwenye asidi simama kidogo. Asidi ikitangulia wakati asetoasetati haijaingia, yurea mbili zinaweza kuishika benzaldehaidi moja, huku na huku, na unaona unga mweupe unatua mapema. Mwanafunzi anafurahi akidhani fuwele zimekuja. Siyo zenyewe. Habari njema ni kwamba jambo hilo linarudi nyuma likipata joto na asetoasetati, kwa hiyo hujaharibu, umejichelewesha tu. Na usiongeze asidi kwa kudhani utaharakisha: ikizidi, inaikalia yurea yenyewe, na yurea iliyokaliwa haishiki mtu.

Funga kipozeo juu ya chupa. Joto liletwe na bakuli la mafuta, nyuzi 85 hadi 90, ethanoli ichemke taratibu, mvuke upande, ugande, urudi chini kama matone. Kwa muda wa saa tatu.

Vitabu vimeandikwa na watu ambao maji yao ya bomba ni ya baridi. Yetu yanatoka yakiwa na uvuguvugu wa kuogea mtoto, na siku nyingine hayatoki kabisa. Kuna siku nilimwacha mwanafunzi na chupa yake, mimi nimeitwa ofisini. Bomba likakauka katikati ya kazi, mvuke wa ethanoli ukapita moja kwa moja juu, na niliporudi chupani kulikuwa na lami ya kahawia iliyogandamana na kijiti cha sumaku. Tangu siku hiyo sitegemei bomba. Nina ndoo ya lita ishirini, pampu ndogo ya tangi la samaki wa mapambo, na barafu. Barafu nainunua ya pakiti, ile ile wanayotilia samaki wauzaji wa ufukweni. Pampu inasukuma maji ndani ya koti la kipozeo, yanarudi ndooni, yanazunguka hivyo hivyo saa tatu nzima. Maji yasiwe ya kisima; maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na baada ya muhula mmoja kioo kinapata ukoko mweupe usiotoka ila kwa siki na subira.

Stima ikipotea, usibabaike. Inua chupa kutoka kwenye mafuta, iache ipoe, andika saa. Ikirudi endelea ulipoishia. Pilau ingekuwa imeharibika, hii haijali.

Baada ya saa moja hivi, chukua tone kwa kimrija chembamba uliweke kwenye bamba la silika, pembeni yake tone la benzaldehaidi, upandishe kwa mchanganyiko sawa wa ethili asetati na heksani. Chini ya taa ya urujuanimno benzaldehaidi inaonekana imepanda juu, zao limebaki chini yake. Doa la juu likififia na la chini likinona, kazi inakwenda. Kama hamna taa hiyo, tumieni pua: funua baada ya kupoa na punga hewa ije kwako kwa mkono. Lozi ikiwa bado kali, rudisha motoni.

Fuwele

Mara nyingi zao linaanza kutua lenyewe hata kabla ya kupoa, na hiyo ndiyo siri nyingine ya chupa hii: kinachotua kimetoka mchezoni, hakirudi nyuma tena, na mmenyuko unavutwa mbele kukijazia nafasi. Acha chupa ipoe mezani mpaka uweze kuishika, kisha iingize kwenye barafu dakika ishirini. Pasipotua kitu, kwaruza ukuta wa ndani wa chupa kwa kijiti cha kioo chini kidogo ya uso wa maji. Sina maelezo marefu, fuwele zinapenda pa kushikia.

Chuja kwa faneli ya kuvutwa na pampu. Osha kwa maji ya baridi, mililita tano, mara mbili. Hayo yanaondoka na yurea na asidi. Halafu ethanoli iliyotoka barafuni, mililita tatu, mara moja. Nasema baridi na nasema tatu. Binti mmoja aliosha kwa ethanoli ya mezani, yaani nyuzi thelathini za Mombasa, akamimina mpaka aridhike, na nusu ya zao lake likapita kwenye karatasi akiliangalia. Na ethanoli iwe ya maabara. Spiriti ya zambarau inayouzwa dukani itakupaka rangi fuwele nyeupe bila sababu.

Kusafisha: weka fuwele kwenye kopo la kioo, ongeza ethanoli inayochemka kidogo kidogo mpaka zimalizike kuyeyuka, usipitishe hapo. Funika kwa kioo cha saa, kile kisahani cha kioo, acha zipoe polepole bila kuguswa. Ukiwa na haraka ukazitumbukiza barafuni moja kwa moja utapata unga uliofungia uchafu ndani. Ukisubiri, zinakuja sindano nyeupe, nzuri za kuangalia. Chuja tena, kausha kwenye oveni nyuzi 60. Usizianike dirishani, maana upepo wa kusi utazirudishia unyevu na wewe utaandika uzito wa uongo.

Zao kamili kwa karatasi ni gramu 5.2. Mwanafunzi mwangalifu hapa kwetu anapata gramu 3 na kitu, yaani kama asilimia 60, na mimi nampa mkono. Anayeniletea gramu 5.4 namrudisha kwenye oveni.

Kiwango cha kuyeyuka ndiyo hakimu. Jaza kimrija kilichozibwa upande mmoja, milimita mbili za unga tu, pandisha joto haraka hadi 180, kisha nyuzi mbili kwa dakika. Zao safi linayeyuka nyuzi 202 hadi 204. Likianza kulowa 185 na kumaliza 196, si safi, lirudie kwenye ethanoli.

Maji ya kuoshea na ethanoli ya kuchujia usimwage karoni. Mabomba yetu mengi mwisho wake ni kijito, na kwenye kijito kuna watu wanavua. Tia kwenye dumu la taka za kikaboni, andika jina na tarehe.

Kubadilisha mgeni mmoja

Ukishaweza hii, umeweza nyingi, kwa sababu hesabu ya tatu, moja, mbili haibadiliki. Ukiondoa yurea ukaweka thayourea, yenye salfa mahali pa oksijeni, na benzaldehaidi yako ikawa na haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoshikana, kwenye nafasi ya tatu, pete inayotoka inaitwa monastroli. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba inasimamisha chembe hai zisigawanyike, kwa kukifunga kimojawapo cha vimota vidogo vinavyosaidia kuunda mtambo wa nyuzi unaotenganisha kromosomu. Kutoka kwenye chupa ya darasani hadi huko ni mgeni mmoja wa kubadilisha na mwingine wa kuvalishwa nguo. Thayourea lakini ni sumu zaidi ya yurea, glavu ziwe nzima na unga usipeperuke.

Au badilisha hesabu yenyewe. Mjerumani Arthur Hantzsch, miaka kama kumi kabla ya Biginelli, alichukua asetoasetati mbili, aldehaidi moja na amonia. Hesabu: mbili na mbili ni nne, aldehaidi moja, tano, nitrojeni moja, sita. Pete nyingine, chupa ile ile. Familia hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa nifedipini na amlodipini, vidonge vya presha. Mama yangu anameza amlodipini kila asubuhi baada ya chai ya rangi na mahamri, na nilipomchorea pete hiyo nyuma ya bahasha ya duka la dawa, nikimwonyesha pembe moja moja inatoka wapi, alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Sasa mwanangu, hiyo yako umepata ngapi?"

Nikamwambia asilimia sitini na mbili.

"Na hizo nyingine zimekwenda wapi?"

Ni swali ambalo wanafunzi wangu wengi hawaniulizi. Sehemu imebaki imeyeyuka kwenye ethanoli uliyochuja. Sehemu haikupata mwenzake kwa muda wa saa tatu. Ukitaka kuzifuata, chukua maji ya kwanza ya kuchujia kabla ya kuyatia kwenye dumu, yapunguze kwenye joto dogo ndani ya kabati mpaka yabaki nusu, yarudishe kwenye barafu usiku mmoja. Asubuhi utakuta zimetua nyingine kidogo, zenye rangi ya manjano. Zipime peke yake, zisichanganywe na za kwanza mpaka kimrija cha kuyeyushia kiseme.